Naumwa: Uhakiki wa Lugha ya Maumivu Kitandani pa Mgonjwa

Kiswahili kina kitenzi kimoja ambacho mgonjwa hawezi kukikwepa, nacho ni kuuma. Mbwa huuma, nyoka huuma. Na vivyo hivyo jino huuma, kichwa huuma, tumbo huuma. Msemaji mwenye afya haoni ajabu yo yote katika usemi huu. Lakini mtu akisema "naumwa" ametumia kauli ya kutendwa, akajiweka mahali pa aliyeng'atwa, na mng'ataji hakumtaja. Ndipo mwenzake humwuliza, "Waumwa na nini?" Jibu lake ni la ajabu zaidi: "Naumwa na tumbo." Yaani mwenye kung'ata ni kiungo cha mng'atwa mwenyewe, mali yake ambayo ameilisha na kuivika tangu kuzaliwa. Sarufi hii ni ya zamani, nayo yatosha kabisa kwa maradhi yajayo na kupita. Swali linalostahili kuulizwa na wahakiki ni kama yatosha pia kwa maradhi yasiyopita.

Swali hilo halikuzaliwa maktabani. Katika Bonde la Kilombero, baina ya Milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, mkulima wa mpunga apatwaye na saratani ya kongosho hulikuta kila siku, ijapokuwa halitamki kwa maneno haya. Neno kongosho lenyewe huenda akalisikia kwa mara ya kwanza katika kinywa cha daktari. Ni tezi iliyolala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo, nayo hutoa maji ya kumeng'enyea chakula na insulini ya kurekebisha sukari katika damu. Saratani ikianza humo haina kishindo. Hakuna uvimbe wa kushikika kwa mkono, wala kidonda cha kuonyesha jirani. Aghalabu inapotambuliwa imekwisha kuenea katika ini au kuizingira mishipa mikubwa ya damu, na wakati wa kupasua umepita. Maumivu yake yana tabia ya peke yake: huanzia chembe cha moyo, hupenya mpaka mgongoni, huzidi mtu alalapo chali, na hupungua kidogo aketipo na kuinama mbele. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgonjwa huyu hata kitanda chenyewe hawezi kukilalia. Usiku kucha huketi amekumbatia mto.

Ifakara si mji usiojulikana katika maandishi ya tiba. Karibu na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, iliyotokana na kazi ya Wakapuchini wa Uswisi, ndipo mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alipofungua maabara ndogo iliyokua hata ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Ni vijiji vichache vya Afrika vilivyohesabiwa, kupimwa na kuandikwa kama vijiji vya bonde hili, na sehemu kubwa ya maandishi hayo ni juu ya mbu na malaria. Baadhi ya kazi hiyo ni fahari ya Kiswahili pia. Vyandarua vilivyouzwa huko Kilombero na Ulanga katika miaka ya mwisho ya 1990 viliitwa "Zuia Mbu", jina la maneno mawili lisilohitaji mkalimani, na utafiti uliochapwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto kwa asilimia 27. Aliyechagua jina hilo alijua kuandika. Lakini mbu ni adui wa nje, aonekanaye, mwenye mabawa na mlio. Lugha humpata kwa urahisi. Maradhi yaliyojificha nyuma ya tumbo hayana mlio.

Mwaka 1998 Susanna Hausmann Muela, Joan Muela Ribera na Marcel Tanner walichapa uchunguzi wao juu ya watu wa Ifakara na fikira zao kuhusu malaria. Jambo moja katika uchunguzi huo lafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi wa lugha. Mgonjwa apimwapo damu na wadudu wa malaria wasionekane, wako waliosema kwamba wachawi wamewaficha wadudu hao machoni pa hospitali, au kwamba homa yenyewe ni malaria ya bandia iliyotengenezwa ili kumdanganya mgonjwa. Msomaji wa haraka ataliita jambo hili ushirikina na kupita. Mhakiki wa lugha huona jambo jingine: watu hawa wanajaribu kujibu lile swali la "waumwa na nini?" wakati chombo cha kupimia kimesema "hakuna kitu". Kauli ya kutendwa yadai mtenda. Asipopatikana, mtenda hutafutwa. Na saratani ya kongosho, kwa bahati mbaya, ndiyo iendayo hasa kwa mwendo huo. Hupimwa malaria, haipo. Hudhaniwa vidonda vya tumbo, dawa zake hunywewa kwa miezi, hazifui dafu. Kisha macho hugeuka rangi, na hapo Kiswahili chenyewe huongeza utata, maana wengi huita kila umanjano wa macho "homa ya manjano", jina ambalo vitabu vya tiba vimelipa ugonjwa mwingine kabisa uletwao na mbu. Hivyo mtu ambaye mfereji wake wa nyongo umezibwa na uvimbe huenda akatajiwa jina la homa asiyo nayo.

Hapa ndipo methali moja maarufu inapokuwa na ukatili. Husemwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii ni kweli kwa mtu aonaye uvimbe akaufunika kanga. Kwa mgonjwa wa kongosho ni shutuma isiyo haki, kwa kuwa si yeye aliyeyaficha maradhi bali maradhi ndiyo yaliyomficha. Wanaohudhuria msiba hawana nafasi ya kupambanua hivyo. Methali hutajwa, vichwa hutikiswa, na marehemu hubebeshwa kosa. Wahakiki huzitaja methali kama hazina ya hekima, na hazina ndiyo. Lakini hazina nayo yahitaji mkaguzi, hasa pale hekima ya zamani itumiwapo juu ya jambo ambalo wazee waliotunga hawakuwa na njia ya kuliona.

Sasa fasihi yenyewe yasemaje? Mahali pa kuanzia si riwaya, bali ni utenzi wa mwanamke aliyekuwa mgonjwa alipotunga. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka mtawala wa Siu, alitunga utendi wake mnamo mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, na akafariki yapata miaka miwili baadaye. Utendi huo umesomwa mno kwa ajili ya mashauri yake juu ya unyumba. Alice Werner na William Hichens walipoutoa mwaka 1934 waliupa jina la Kiingereza lenye kutaja wajibu wa mke, na tangu hapo mabishano yote yamekuwa juu ya wajibu huo: je, Mwana Kupona alimfundisha binti yake utumwa, au alimpa silaha za kuishi na mwanamume? Ni mabishano halali, lakini yamewafanya wasomaji waruke mlango wa mbele. Kabla ya shauri lo lote, mama huyu ataja kwamba ugonjwa umemshika na mwaka umetimia, naye hajapata kumwambia mwanawe neno. Kisha amwita akae karibu, alete wino na karatasi.

Mpango huu wa mwanzo wastahili kutazamwa kwa utulivu. Ugonjwa watajwa mara moja, kwa kipimo cha muda na si kipimo cha maumivu. Mtunzi hasemi aumwa wapi, wala ni maumivu ya namna gani, wala usiku wake hupita vipi. Asema tu: mwaka. Baada ya hapo, agizo la kwanza ni la vyombo vya kuandikia. Mtu mwenye afya huanza utenzi kwa kumsifu Mungu kwa nafasi; huyu ahesabu nguvu zake. Kila mwuguzi aliyekaa na mgonjwa wa saratani iliyoenea ataitambua tabia hii. Ziko saa fulani, labda mbili kwa siku, ambapo dawa imeshika na kichwa ki wazi; na mgonjwa mwerevu hazitumii saa hizo kueleza maumivu, kwa sababu maumivu yatakuja yenyewe kujieleza. Huzitumia kusema lile ambalo asipolisema halitasemwa. Yakisomwa hivyo, mashauri ya Mwana Kupona hayabaki kuwa sheria za unyumba tu. Ni kazi ya mtu aliyebakiwa na muda mfupi, apangaye nini kiandikwe kwanza. Na sala ndefu ya mwishoni, ambayo wengi hawafundishi darasani, ndiyo sehemu ambapo mgonjwa arudi kuwa mgonjwa na kujiombea yeye na watu wake.

Sifa hii haiondoi upungufu. Utendi huo mkubwa umeweka desturi ambayo fasihi ya Kiswahili imeifuata kwa muda mrefu: mgonjwa husema kama mshauri, wala si kama mwili. Mwenye kufa huusia. Kinywa chake hutoa hekima, na tumbo lake halina sauti. Shaaban Robert, katika shairi la maombolezo alilomtungia mkewe Amina, asema na marehemu na kumwombea. Siku za ugonjwa zimekwisha kupita pazia. Si lawama kwa Shaaban, ambaye alikuwa akitimiza wajibu wa mfiwa. Ni dalili tu ya mahali jicho la mtunzi lilipozoea kukaa: kabla ya ugonjwa, au baada yake.

Mwili wa mgonjwa waonekana zaidi katika kisa cha Ayubu. Utendi wa Ayubu, uliochapwa na Alice Werner kuanzia mwaka 1921, ulisimulia kwa Kiswahili cha kaskazini mateso ya nabii huyo, na wasomaji wa Kilombero, ambao wengi wao ni Wakristo, wanacho Kitabu cha Ayubu katika Biblia ya Kiswahili. Hapa hakuna haya. Kuna ngozi iliyooza, kuna majivu, kuna kigae cha kujikunia. Mgonjwa ambaye nyongo imemwagikia katika damu, akawashwa mwili mzima usiku hata akajikwangua, atakisoma kigae hicho kwa namna ambayo mwalimu wa fasihi hawezi kumfundisha. Na kuna marafiki watatu, ambao kitendo chao kilicho bora kabisa ni kile cha mwanzo: walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona jinsi maumivu yake yalivyo makubwa. Makosa yao yaanza wanapofumbua vinywa na kutafuta sababu.

Lakini kisa cha Ayubu kina mwisho. Katika masimulizi ya Kiislamu chemchemi yabubujika chini ya mguu wake, naye aoga na kupona. Katika Biblia arudishiwa mali maradufu. Maumivu yalikuwa mtihani, na mtihani una siku ya matokeo. Hapo ndipo mgonjwa wa kongosho aachwapo njiani. Akiambiwa "vumilia kama Ayubu" ameahidiwa, bila msemaji kukusudia, mwisho ambao daktari amekwisha kumwambia haupo. Mvumilivu hula mbivu, lakini kuna mti ambao mtu aweza kuufikia msimu umekwisha. Subira ya mtu huyu ni subira ya namna nyingine, isiyo na malipo mbele yake, na Kiswahili hakijaitungia utenzi.

Riwaya haikufanya vema zaidi. Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, ugonjwa waingia kama hukumu: kichwa cha mtoto ni ushahidi wa maisha ya wazazi. Ni riwaya yenye nguvu, na ubaridi wake ni wa makusudi. Hata hivyo imechangia kuzoesha wasomaji kwamba ugonjwa katika kitabu ni barua yenye ujumbe, nao huharakia kuisoma. UKIMWI ulipoingia katika fasihi, jambo hili lilizidi, na vitabu vingi vilivyotungwa kwa shule vilimwua mgonjwa ili kumwonya msomaji. William Mkufya, katika Ua la Faraja ya mwaka 2004, alikwenda mbele zaidi ya wengi kwa kuiweka faraja hata katika jina la kitabu. Saratani ya kongosho haina funzo la kuwapa vijana. Uvutaji wa tumbaku huongeza hatari yake, kweli, lakini huwapata pia wasiovuta, na mara nyingi hakuna sababu ya kuonyeshwa kwa kidole. Labda ndiyo maana haina riwaya.

Badala ya fasihi, mgonjwa wa leo hupewa lugha ya vita. Matangazo husema "mapambano dhidi ya saratani"; jamaa husema "pigana, usikubali". Vita hivi vimetoka ng'ambo. Rais Nixon wa Marekani alitia sahihi sheria ya saratani mwaka 1971, nayo ikaitwa vita. Na mwaka 1978 Susan Sontag, ambaye mwenyewe alikuwa ametibiwa saratani, aliandika kitabu kizima cha kukataa mifano ya namna hiyo, bila kuutaja ugonjwa wake hata mara moja. Kiswahili cha asili kilikuwa na njia yake. Ugonjwa "humshika" mtu, "humlaza", na ukienda "humwacha". Katika maneno hayo mgonjwa si askari. Ni mtu aliyeshikwa. Na aliyeshikwa hadaiwi ushindi, wala akifa hakuna asemaye ameshindwa. Ni ajabu kwamba lugha iliyokuwa na usemi wa huruma kiasi hicho imeazima mwingine wenye kudai.

Huenda watu husema vita kwa kuwa majina yenyewe yalitisha. Saratani ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, na wanajimu wa pwani walilijua kama jina la buruji kabla ya kuwa jina la ugonjwa. Hata hivyo katika jambo hili kumekuwa na mabadiliko ya kusifiwa. Tarehe 29 Februari 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipolitangazia taifa kifo cha Rais wa zamani Ali Hassan Mwinyi, hakusema "maradhi ya muda mrefu", ule usemi wa kawaida wa tanzia. Alisema saratani ya mapafu. Sentensi moja ya namna hiyo hufanya kazi kubwa kuliko kurasa nyingi za kamusi.

Yafaa sasa kuitazama dawa yenyewe, maana humo mna jambo ambalo wanafunzi wa lugha hawalitarajii. Mkulima wa Kilombero apatikanaye na saratani aghalabu huelekezwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 400. Wale watokao ng'ambo ya mto, Lupiro au Malinyi, walivuka kwa kivuko hadi daraja kubwa lilipofunguliwa mwaka 2018. Miongoni mwa dawa za saratani ya kongosho iliyoenea iko iitwayo jemsitabini, ambayo hutiwa katika mshipa kwa nusu saa, mara moja kwa juma, kwa majuma matatu, kisha mgonjwa hupumzika juma moja. Mwaka 1997 Howard Burris na wenzake walichapa jaribio la wagonjwa 126 lililoipa dawa hiyo jina. Urefu wa maisha uliongezeka kidogo mno: kutoka miezi 4.41 hadi 5.65. Kama ni hesabu hiyo tu, isingepata sifa. Kilichowashawishi matabibu kilikuwa kipimo kingine, kilichojengwa juu ya maumivu kama mgonjwa mwenyewe alivyoyaeleza, kiasi cha dawa ya kutuliza alichohitaji, nguvu zake za kufanya kazi, na uzito wake. Kwa kipimo hicho, asilimia 23.8 ya waliopata jemsitabini walipata nafuu, na waliopata dawa ya zamani ni asilimia 4.8 tu.

Maana ya jambo hili ni nzito. Neno la mgonjwa, lile ambalo zamani lilihesabiwa kuwa malalamiko, liliingizwa katika mizani ya sayansi. Dawa ilipimwa kwa sentensi. Basi lugha ikiwa butu, mizani nayo ni butu. Na ni hapo Kiswahili cha hospitali kinapostahili kukosolewa. Nyumbani mgonjwa ana vitenzi vingi: tumbo husokota, hukata, hunyonga, kichwa hugonga, jipu hupwita, koo hukereketa, ngozi huwasha, kiungo hufa ganzi. Kila kimoja humwambia tabibu jambo lake, kwa kuwa maumivu ya neva hayasemi kama maumivu ya utumbo uliozibwa. Akifika mbele ya fomu, vitenzi hivi vyote humezwa na nomino moja, maumivu, yenye vivumishi vitatu: madogo, ya wastani, makali. Ni kama mshairi aliyeambiwa aandike kwa vina viwili tu. Wako wauguzi wenye busara ambao huacha karatasi na kutumia mkono: ngumi iliyofumbwa ni kutokuwa na maumivu, vidole vitano ni maumivu ya mwisho. Hata hapo swali la pili lisiachwe: "Yakuumaje?"

Dawa nazo huleta maumivu mapya ambayo lugha haikuyazoea. Mchanganyiko wa dawa nne uliojaribiwa Ufaransa kwa wagonjwa 342, na matokeo yake kuchapwa mwaka 2011, uliongeza maisha kutoka miezi 6.8 hadi 11.1, lakini kwa taabu nyingi zaidi mwilini. Moja ya dawa hizo, oksaliplatini, huufanya mwili uogope baridi. Kwa siku kadhaa baada ya dripu, mtu akishika chuma cha baridi vidole huchomwa kama kwa sindano. Akinywa maji ya baridi koo hukaza. Katika nchi ya joto kama Kilombero, maji ya mtungini ndiyo heshima ya kwanza apewayo mgeni na mgonjwa. Sasa maji yenyewe yauma. Mke akiyapasha moto kwanza, majirani hushangaa. Huo usemi wa "maji yanauma" haukuwa na maana zamani. Leo ni maelezo sahihi ya tiba, tena mafupi kuliko yale ya kitabuni.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakimo katika fomu yo yote, nacho ni maamkizi. Mswahili huulizwa "hujambo?" na jibu ni "sijambo", awe amevunjika mguu. Aambiwapo "pole", hujibu "nimeshapoa". Adabu hii ni nzuri, na hakuna apendaye kuiondoa. Lakini imejengwa kwa namna kwamba jibu la kwanza la mgonjwa ni la uongo wa heshima, na ukweli huja baada ya neno "ila": sijambo, ila usiku sikulala, sijambo, ila huku nyuma panachoma. Tabibu mwenye haraka huondoka na "sijambo". Mzee wa Kipogoro au Kindamba mbele ya daktari kijana ana sababu ya pili ya kukawia, kwa kuwa kulia mbele ya mjukuu ni aibu. Anayetaka kumsikiliza mgonjwa wa bondeni hana budi kuingoja "ila". Hii ndiyo sarufi ya kweli ya kitanda cha mgonjwa, wala haimo katika vitabu vya sarufi.

Mwisho ni juu ya mofini. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kutuliza maumivu ya saratani mwaka 1986, na mofini ya kunywa ndiyo iliyo kwenye ngazi ya juu. Uganda ilionyesha njia: hospisi iliyoanzishwa na Dakta Anne Merriman mwaka 1993 ilichanganya unga wa mofini na maji, dawa rahisi ya chupa, na tangu 2004 wauguzi waliofunzwa waliruhusiwa na sheria kuiandika. Ocean Road nayo imetoa dawa hiyo. Lakini Kiswahili kinaiwekea mofini kizuizi cha peke yake. Mofini hutokana na afyuni, na jina jingine la afyuni ni kasumba. Na kasumba, tangu siku za kudai uhuru, ni tusi. Kasumba ya ukoloni ni akili iliyolewa. Jamaa ajuaye asili ya dawa huona kana kwamba mzee anaingizwa katika ulevi siku zake za mwisho, naye huificha chupa mpaka maumivu "yazidi". Wanasiasa walipolichukua neno hilo walikuwa na haki yao, lakini hakuna aliyemfikiria mtu mwenye saratani ya kongosho.

Na hata chupa ikikubaliwa, kuna kibandiko. Mofini ya maji hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi, kwa hiyo maagizo ya Kiingereza hufasiriwa mara moja: "Kila saa nne." Kwa mfasiri, sentensi imekamilika. Lakini katika Kiswahili saa nne pia ni wakati, saa nne asubuhi na saa nne usiku. Bibi aliye nyumbani aweza kuisoma bila kosa lo lote la lugha, akampa mumewe dawa mara mbili kwa siku, na katikati ya vipindi hivyo viwili mzee akawa ameketi ameinama juu ya mto, aking'atwa. Kibandiko kilichoandikwa na mtu ajuaye lugha kingesomeka hivi: saa 12 alfajiri, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku kipimo maradufu, ili asiamke kwa maumivu usiku wa manane.